Mawe Yaliyokula Dagaa

Wapo watakaokwambia Meneja alikuwa mwizi wa dizeli. Wapo watakaokwambia alikuwa mtu mwaminifu wa mwisho kwenye kinu chetu. Wote wanasema kweli. Mimi nilipaka grisi mashine za kinu kile kuanzia nilipopata nguvu za kuinua ndoo mpaka siku lango lilipofungwa, kwa hiyo naweza kukueleza imekuwaje wote wakasema kweli. Alizaliwa wapi, baba yake nani, hayo sitaandika. Hayakumsaidia kitu.

Kinu kilikuwa cha ushirika, nje kidogo ya Bariadi. Pamba ya Nkoma, ya Ngulyati, ya huku kote ililetwa pale ikatenganishwa na mbegu zake, ikafungwa marobota, marobota yakapanda malori kwenda bandarini. Meneja alikuwa mfupi, shingo nene, suti ya mikono mifupi yenye mifuko minne, na kila mfuko una kalamu. Alikuwa na tabia moja ambayo sisi tuliiga mpaka watoto wetu wakaiiga. Anachota pamba kidogo, anaivuta kwa vidole gumba viwili mpaka inakatika, anaangalia nyuzi, halafu anasema neno moja: safi, au fifi. Safi ni pamba nyeupe isiyo na takataka. Fifi ni ile yenye madoa na majani, ya bei ya chini. Basi kwake dunia nzima ilikuwa hivyo. Mchuzi ukiwa na chumvi nyingi, fifi. Hotuba ya mkuu wa wilaya, fifi. Mimi nilipochelewa kazini kwa sababu ya mvua, aliniangalia juu mpaka chini, nikiwa nachuruzika maji, akasema, "Grisi, leo wewe ni fifi," akanikata mshahara wa siku ile. Jioni mke wake akaja kwangu na sadolini, lile kopo la kupimia, ya unga na koti kuukuu. "Mwenyewe kasema nisiseme vimetoka wapi," akasema. "Sasa koti utasema umeliota?"

Jina langu halisi hakulijua, au alilijua hakulitumia. Niliitwa Grisi mpaka kwetu.

Sebuleni kwake, pale ambapo mameneja wengine huweka kabati la glasi, kulikuwa na tenki la kioo refu kama kitanda cha mtoto. Fremu yake waliichomelea mafundi wetu wa kinu. Juu kuna taa mbili za tubu, pembeni kuna pampu ndogo ya hewa iliyokuwa ikiguna kama mzee anayesali. Ndani kuna maji ya bahari na mawe. Mgeni akiingia mara ya kwanza anauliza samaki wako wapi. Meneja anamsogezea kiti. Anamwacha akae, anywe chai. Giza likianza kuingia, yale mawe yanatoa vidole. Vidole vidogo, laini, vya kijani na vya kahawia, maelfu, vinapungapunga. Hapo mke wake anakuja na kikombe cha maji ya dagaa waliosagwa, dagaa wa Lamadi, anavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, anayapulizia mawe polepole, na mawe yanakula. Nimeona watu wazima wakiacha chai na kusogea nyuma na viti vyao.

Masunga, mwenzangu wa upande wa kulisha mashine, aliwahi kusema, "Watu wa Lamadi wanakula dagaa, mawe ya Meneja yanakula dagaa. Mimi na Grisi ndio wa mlenda tu."

Yalikuwa matumbawe, yale ya mifupa migumu. Mke wa Meneja alikuwa mtu wa Tanga. Sisi tulimwita Mama tu, na yeye alitucheka kila tulipofungua mdomo, maana Kiswahili chetu kimekaa juu ya Kisukuma kama kofia ya kuazima. "Mimi nilimwambia mume wangu nimekumbuka kwetu," alikuwa akisimulia, mkono kiunoni. "Nikijua atanipa nauli. Akaniletea mawe!" Lakini aliyeyalisha ni yeye. Na akisafiri, aliyeyalisha ni mimi, kwa sababu Meneja alisema mikono ya mpaka grisi inajua kushika kitu bila kukibana.

Sasa nieleze uchungu wangu, nisije nikaonekana namsifu. Kinu cha pamba ni vumbi. Nyuzi zinapaa kama moshi, zinaingia puani, zinaingia kifuani, zinakaa. Jumatatu ndiyo mbaya, baada ya mapumziko, kifua kinabana kama umevishwa mkanda wa mashine. Tulikohoa. Tuliokuwa zamu tulijifunga matambara mdomoni tuliyochana wenyewe. Nyumba ya Meneja ilikuwa humo humo ndani ya uzio, na vumbi lilifika kwake pia. Alifanya nini? Alishona shuka mbili kuwa moja, akatengeneza pazia la kufunika tenki pande zote, akaacha sehemu ya mbele tu, na dirisha la upande wa kinu akaliziba kwa mbao. Uzi mmoja ukielea juu ya maji, anautoa kwa kijiti.

Masunga alimwambia, mbele yetu, siku ya mshahara: "Meneja, na sisi tushonee shuka."

Tulicheka. Meneja hakucheka. Akasema, "Wewe una mdomo wa kulalamikia, Masunga. Wale wa ndani ya kioo hawana." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Nitaandika makao makuu walete vifaa." Sijui kama aliandika. Vifaa havikuja. Masunga alikohoa miaka mitatu zaidi, akafa ameketi, kwa sababu akilala alikuwa hapati pumzi. Kwenye msiba Meneja alibeba jeneza upande wa mbele, akalia kuliko ndugu. Nilimtazama nikasema moyoni, lia. Ulijua vumbi ni kitu gani. Ulilijua vizuri kuliko wote.

Na dizeli. Jenereta la kinu lilikuwa linazimwa zamu ikiisha. Kulikuwa na dogo la pili, la dharura, na hilo halikuzimwa. Liliguna usiku kucha kwa ajili ya pampu na taa za mawe. Meneja huyu huyu aliwahi kumfukuza mlinzi aliyejaza taa yake ya mkono kwa dizeli ya ushirika. Ukimuuliza? Nilimuuliza mimi, nikiwa na ujinga wa ujana. Akasema, "Mlinzi alichukua. Mimi natumia." Mpaka leo sijaona tofauti, na nimefikiri sana.

Alinifundisha kuchagua. Mwaka mmoja alinipeleka na malori ya marobota mpaka Dar es Salaam, kazi yangu ikiwa kulinda mapipa matupu wakati wa kwenda na mapipa ya maji ya bahari wakati wa kurudi. Ndivyo alivyopata maji: lori likishashusha pamba halirudi tupu. Bahari ilikuwa imekupwa, imeacha mabwawa madogo kwenye miamba, jua linachoma. Akaniambia, "Haya, Grisi. Chagua moja. Ni lako la kwanza."

Nikachagua la vidole virefu kama pembe za swala, ncha zake za buluu. Zuri mno. Niliingia maji mpaka kifuani kulifuata, mimi nisiyejua kuogelea. Meneja akaniacha nilitie kwenye ndoo. Kabla hatujafika Shinyanga lilikuwa jeupe kama mfupa na ndoo inanuka.

"Kwenu mkinunua mtamba," akaniuliza, "mnachagua rangi?"

"Hapana, Meneja."

"Mnachagua nini?"

Nikamwambia. Kwetu, ukiwa na akili, unasubiri mwisho wa kiangazi. Wakati nyasi zimekwisha na malambo yamekauka, unapita kwenye maboma ya watu unaangalia yupi bado amesimama. Mbavu zinaonekana, sawa, lakini amesimama na anacheua. Huyo ndiye unayemnunua.

"Sasa bahari nayo ina kiangazi chake," akasema. "Kila siku maji yakitoka. Yale yaliyoko mbali, kwenye maji mazuri, yanayopepea kama shanga za harusi, hayajawahi kupata shida. Yaache. Chukua lililoko karibu na watu, kwenye maji ya tope, linalopigwa jua, lililokanyagwa. Lenye nyama nene. Angalia ukingo: nyama imefunika mfupa mpaka mwisho? Chukua. Mfupa unachungulia? Fifi. Linuse. Likinuka, fifi. Na usichukue kubwa. Chukua la ngumi."

Alipenda matatu. La sega, lenye vyumba vyumba kama asali. La ubongo, lenye mikunjo. Na la sahani, lililokunjika kama kibakuli kilichobonyezwa. Hayo, alisema, hata mtu asiyejua kitu anaweza kuyafuga akiwa na subira. Mengine yote ni ya wajuzi na ya matajiri. Alinifundisha na haya: maji yakae kwanza na miamba yake wiki nyingi kabla ya kuweka kilicho hai. Jiwe jipya liwekwe chini kwenye kivuli, lisiende juu karibu na taa siku ya kwanza. Yasigusane, maana yanapigana, yanaunguzana kwa nyuzi giza likiingia. Na maji yakipungua kwa jua, ongeza maji ya mvua, matupu, usiongeze ya chumvi, kwa sababu kilichopaa ni maji, chumvi imebaki. Hili la mwisho alinirudishia mara nyingi. "Chumvi haipai, Grisi. Sema." Nikasema. Chumvi haipai.

Halafu redio ikaanza soko huria. Asubuhi soko huria, mchana soko huria. Wanunuzi binafsi wakaja na maturubai na mizani yao, wakalipa papo hapo, na wakulima wakauacha ushirika kama watu wanaotoka kwenye nyumba inayovuja. Siwalaumu wakulima. Nawalaumu ninaowajua. Shigela, katibu wa chama chetu cha ushirika, aliyeuza malori yetu moja baada ya moja akisema ni machakavu, na mwezi uliofuata tukayaona barabarani yana rangi mpya. Kamati nzima, iliyogonga muhuri ikinywa soda. Na yule tuliyemwita Tajiri, aliyekuja kukinunua kinu akiwa na miwani ya jua, akaahidi hakuna atakayepoteza kazi. Shigela nitamtaja mpaka nife. Ana nyumba ya ghorofa. Mimi nina kifua.

Malori yalipokwisha, maji ya bahari yalikwisha. Meneja aliishi na yale yaliyokuwemo, anayachuja kwa pamba, anaongeza ya mvua. Mawe yalivumilia. Yale matatu aliyoyapenda yalisimama kama ng'ombe wa kiangazi. Mengine yalikufa.

Tajiri alipokuja kukagua mali, aliliona tenki. Akavua miwani. "Hii kitu na yenyewe iko kwenye hesabu?"

"Hiyo ni yangu," Meneja akasema.

"Umeme wa nani? Chuma cha nani?" Tajiri alikuwa anatabasamu. "Mzee, usihangaike. Liache hapa hapa. Nitakuwekea jenereta jipya. Mama atakuwa anakuja kuyalisha, nitamlipa."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha dagaa. Nilikuwepo, nimeshika pampu niliyokuwa naisafisha. Tajiri alipotoka, Mama akamwambia mume wake, "Muachie."

"Nimuachie mwizi?"

"Mwizi mwenye umeme, baba. Wewe umeme utautoa wapi?"

"Leo anachukua kinu, kesho anachukua mawe, keshokutwa utasema nimuachie na wewe."

"Bei yangu mimi hataiweza," Mama akasema, lakini sauti haikuwa ya mzaha. "Hivi vitu vina uhai. Havijui ushirika wala soko huria. Muachie viishi."

Meneja akavuta suruali, akakaa mbele ya kioo. Na hapa ndipo alipofanya lile jambo ambalo mtu wa pengine asingelifanya, ni sisi tu. Kwetu, mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote boma moja. Anampa huyu wawili, yule mmoja, amfugie. Maziwa anakunywa huyo aliyepewa, ndama wataelewana, na ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia, au wezi, huwezi kupoteza kila kitu. Ukifilisika unakwenda kwa yule uliyempa, unarudi na mbegu. Watu wengi wa huku wamefufuka hivyo.

Basi siku moja kabla ya kukabidhi, Meneja alichukua patasi na nyundo. Alipasua mawe yake. Mimi nilishika, yeye akapiga, na kila pigo Mama aliyekuwa jikoni alisema "Yallah" kana kwamba anapigwa yeye. La sega likawa vipande, la ubongo likawa vipande, la sahani likawa vipande. Akawaita wafanyakazi wote tuliobaki, tukapanga mstari na ndoo, madumu na masufuria, na kila mmoja akapewa kipande chake na maji ya bahari kidogo.

"Si zawadi," aliwaambia. "Nawapa mnifugie. Likizaa, kimoja chenu, kimoja changu. Nitakuja kudai."

"Wabeja, Meneja," watu wakashukuru kwa Kisukuma, kwa heshima, kama wanaopokea ndama kweli. Mke wa marehemu Masunga alipiga goti. Lile tenki tupu lilibaki pale, Tajiri alilikuta limekauka, na nasikia alicheka mpaka akakohoa.

Alitugawia mifugo ya bahari, sisi tusio na bahari, tusio na umeme, nyumba za tembe zenye dirisha kama tundu la kuku. Yeye aliyejua chumvi haipai alisahau kwamba hakuwahi kumfundisha mwingine zaidi yangu. Mke wa Masunga aliona maji yamepungua akaongeza ya kisima na chumvi ya kupikia, kwa mapenzi kabisa, kila siku. Mlinzi mpya aliweka chake kwenye dumu lililokuwa na dawa ya pamba. Mwingine alifikiri ni kama jiwe la chumvi la kulambwa na ng'ombe, akaliweka zizini. Jamaa mmoja wa Nkoma alilifunika vizuri lisipatwe na vumbi, na mwanga nao haukulipata. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Walikuwa wanakuja kwangu mmoja mmoja, kichwa chini, kama wanaoleta ngozi ya ng'ombe wa watu aliyewafia: "Grisi, lile jiwe limekuwa jeupe. Tutamwambiaje mwenyewe?"

Na Tajiri? Alikiendesha kinu msimu mmoja, akang'oa mashine, akazipeleka asikojua mtu, akaliuza hata lile jenereta jipya alilolileta. Kwa hiyo yangebaki kwake yangekufa pia. Mama hakukaa kuyaona hayo. Alikwenda Tanga kwenye msiba wa dada yake, na nauli safari hii ilipatikana. Hakurudi. Kuna siku nalala namlaumu Meneja kwa kiburi chake, kuna siku namlaumu Mama kwa kuwa na haki, halafu namkumbuka Shigela na ghorofa yake, napata pa kulala.

Changu kilikuwa cha sega. Nilikiweka kwenye beseni la kioo nililookota kwenye jalala la hospitali, kwenye kizingiti panapopata jua la asubuhi. Hewa nilikipulizia kwa pampu ya baiskeli, asubuhi na jioni. Maji ya mvua nilikinga. Watoto wangu walisaga dagaa. Mke wangu alisema, "Mwanamume amekosa kazi, anajaza upepo mawe." Lakini jioni naye alikuwa anachungulia kama vidole vimetoka. Vilitoka. Mvua zikaisha, kiangazi kikaja, vikaendelea kutoka.

Sikumwona Meneja mpaka watoto walipokuwa wakubwa. Nilikuwa nimebeba pamba ya shemeji yangu kwenda kuuza Ngulyati, kwa mnunuzi binafsi, turubai na mizani vile vile. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mzee mfupi, shingo imekonda mpaka kola inazunguka peke yake. Suti ya mifuko minne, kalamu hakuna. Nikamjua kwa mikono. Alikuwa anavuta pamba yake kidogo kwa vidole gumba, anaangalia nyuzi, anarudisha.

"Mwadila, Meneja," nikamwamkia.

Aligeuka. Macho yalikuwa na ukungu. "Grisi," akasema, bila kufikiri, na nilitaka kulia.

Zamu yake ikafika. Karani wa mizani alikuwa kijana wa umri wa mwanangu, ana earphone sikioni. Alichomeka mkono kwenye gunia, akatoa kiganja cha pamba, hata hakukivuta. "Fifi."

"Vuta kwanza," Meneja akasema. "Unaonaje bila kuvuta?"

"Mzee, nina macho. Fifi. Unauza au unarudi nayo?"

Watu nyuma wakaguna, foleni ndefu. Meneja aliangalia lile gunia, ilikuwa pamba nyeupe, naapa, safi kabisa, nami nimeshika pamba tangu ujana. Akasema, "Pima." Ikapimwa. Akapokea alichopewa bila kukiangalia, akaja kukaa nami juu ya gunia langu. Akanishika kifundo cha mkono.

"Nilikuwa nimekuja kudai," akasema polepole. "Muda mrefu nilitaka kuja. Nilikuwa naona aibu ya kuja mikono mitupu. Lile jiwe langu, Grisi. Lipo?"

Ningeweza kumdanganya. Haoni vizuri, hatafika kwangu, miguu imevimba. Nilifungua mdomo nimdanganye, kikohozi kikanishika, kile cha kinu, kikanikunja, na alinisubiri nimalize huku ananipiga mgongoni kama mtoto.

"Halipo, Meneja. Lilikufa."

"Lini?"

"Kiangazi cha pili. Mvua hazikuja, sikuwa na maji ya kuongeza. Yote mengine yalikuwa yameshakufa. Lilibaki hilo tu."

"Lilikufa la mwisho?"

"La mwisho."

"Lilitoa vidole mpaka mwisho?"

"Mpaka jioni ya mwisho. Watoto walilipa dagaa, likala."

Alitikisa kichwa, macho yake yale ya ukungu yakielekea kwenye mizani. Kisha akachota pamba kidogo kutoka gunia langu, akaivuta, ikakatika.

"Basi nilichagua vizuri," akasema. Hakusema kama ni safi au fifi. Aliirudisha ile pamba gunini, akaishindilia kwa kidole isipeperuke.